Kichwa Alichokikosha Bi Zuwena

Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mnakaa kwenye kiyoyozi, mnaandika kwa kompyuta, na mkikosea mnafuta, hakuna ajuaye. Sisi tukikosea mstari mmoja tulikuwa tunaichana karatasi nzima, tunaanza upya na bismillahi. Nimechana karatasi nyingi katika maisha yangu na sioni haya kusema. Lakini kosa ninalotaka kukusimulieni halikuandikwa kwenye karatasi yoyote, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Nilitakiwa niandike, sikuandika, na mtu akafungwa.

Mimi si wakili, msije mkanipa cheo kisicho changu. Jina langu Seif, wengi wenu mnaniita Ami Seif, na kwa miaka ishirini na kitu nilikuwa karani wa wakili mmoja wa utetezi hapa Maskati, Ustadh Harith, Mungu amrehemu. Yeye alisimama mbele ya majaji na joho lake. Mimi nilibeba mafaili, nikaenda jela kuzungumza na washitakiwa, nikawatafuta mashahidi majumbani mwao, nikakaa nao na kunywa kahawa yao, nzuri na mbaya. Nilikuwa nasema Kiarabu na Kiswahili, na Kihindi cha sokoni, na kwa hivyo kila mshitakiwa aliyetoka upande wetu wa Afrika alikuwa wangu.

Ustadh alikuwa mtu mfupi, mkali, na alikuwa hapendi kuulizwa kitu mara mbili. Alinifundisha mambo matatu, nami nakupeni bure. La kwanza, faili la kesi lisome kutoka nyuma kuja mbele. Mwanzo wa faili umeandikwa na mtu aliyekwisha kuamua nani mwenye makosa. Mwisho wake kuna ripoti ya daktari, kuna picha, kuna orodha ya vitu vilivyookotwa, na hivyo havina ugomvi na mtu. La pili, nenda mahali palipotokea jambo, na uende saa ile ile lilipotokea. La tatu alinambia kila wiki mpaka nikachoka nalo: "Andika kwanza, Seif. Kuogopa utaogopa baadaye."

Na la nne nilijifundisha mwenyewe kwa aibu. Siku za rufaa ni thelathini, na zinahesabiwa tangu siku hukumu iliposomwa, si tangu siku ulipoletewa nakala yako. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilihesabu kwa nakala. Nilipofahamu, ilibaki nusu saa dirisha la karani wa mahakama lifungwe, na mimi niko Matrah nakula. Nilikimbia, nikapanda teksi, nikafika dirishani na kiatu kimoja. Karani akanitazama mguu, akapiga muhuri, akasema, "Kile kingine kilete kesho." Watu wa mahakamani waliniita Abu Kiatu miaka mitatu mizima. Basi chekeni, ila hesabuni vizuri.

Sasa kesi yenyewe. Ilikuwa miaka ile mahakama ya rufaa bado mpya, hata rangi ya milango inanuka. Kule Wadi Kabir kwenye gereji walikuwapo mafundi wawili waliofanya kazi pamoja. Mmoja Mkenya, Wafula, mtu wa miraba minne, mpole, anakwenda kanisani Ijumaa kama wenziwe kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Wa pili Khamisi, Muomani wa kwetu, kazaliwa Unguja akaletwa hapa mdogo. Jumatano moja ya miezi ya joto, baada ya alasiri, waligombana kwa ajili ya gia ya pikapu. Wafula akamsukuma mwenzake. Khamisi akaanguka, kichwa kikagonga meza ya chuma. Alilala chini kidogo, kisha akainuka, akashika kichwa, akatukana, akaondoka zake kwa miguu. Mafundi wengine wote waliona.

Alhamisi Khamisi hakuja kazini. Ijumaa gereji imefungwa. Jumamosi hakuja. Jumapili alionekana kwenye mawe ya wadi, ule mto mkavu, nyuma ya gereji zile, chini ya ukuta, utosi umevunjika. Daktari akasema ana siku baina ya mbili na nne tangu afe. Polisi walipokwenda gerejini, Wafula hakungoja kuulizwa mara ya pili. Alisema, "Mimi ndiye niliyemuua," akatia saini. Akashitakiwa kwa kupiga kulikosababisha kifo.

Ustadh alinituma nikatafute habari za Khamisi, alikuwa mtu wa namna gani, ana maradhi, anaanguka kifafa, chochote cha kumsaidia mtu wetu. Nikaambiwa mamake hayuko hai tena, ila yupo bibi mmoja Matrah aliyemnyonyesha Unguja, akimwita mama. Ndiye Bi Zuwena.

Nilikwenda kwake saa nane mchana, na hapo nilikuwa nafanya uvivu tu, nimetoka mahakamani na nyumba iko njiani. Nyinyi mliozaliwa hapa hamjui tulivyolelewa na mchana mkuu. Kwetu mtoto haachiwi nje saa saba, saa nane, jua likiwa utosini, kwa sababu ile ndiyo saa yao wale wasiotajwa. Vichochoro vya nyuma ya soko vilikuwa vitupu. Maduka yamefungwa, paka hayupo, hata sauti ya redio hakuna. Nilikuwa nasikia viatu vyangu tu, na mara mbili niligeuka nyuma nikidhani ni vya mtu mwingine.

Mlango wa Bi Zuwena ulikuwa wazi. Nikabisha hodi, akaniitikia kutoka uwani. Alikuwa ajuza mwembamba, mweupe wa nywele, mikono mirefu. Nikamwamkia, "Shikamoo Bi Zuwena."

"Marahaba mwanangu. Usikae hapo," akasema.

Nilikuwa nataka kukaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na bomba. Nikahama, nikakaa kwenye mkeka. Nikaanza masuala yangu, Khamisi alikuwa mtu gani, ana maradhi. Akanijibu kidogo kidogo. Kisha akakitazama kile kigoda, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenihadithia bei ya samaki:

"Alikuja Alhamisi. Saa kama hizi. Hakubisha hodi. Alikaa hapo akainama, akasema, Mama, maji. Nikachukua kata yangu nikammwagia kichwani, nikampitisha mkono kichwa kizima, mara tatu. Akainuka akenda zake. Jumapili wakaja kunambia kafa tangu Jumatano. Hapo ndipo nikafahamu. Mayiti wa watu alikuwa yuko juani hana wa kumkosha, akaja kutafuta josho lake kwa mamake."

Nakwambieni kweli, nywele za mikono zilinisimama. Bi Zuwena, mjue, alikuwa mkosha mayiti. Miaka arubaini alikosha wanawake wa mtaa ule na Unguja kabla ya hapo, na mikono ile niliyokuwa naitazama haikuwa imekosha wazima wengi. Kama angelia, au angetetemeka, ningesema bibi kachanganyikiwa na msiba. Hakulia. Alikuwa na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

"Na usimwambie mtu," akasema. "Mkosha hasemi aliyoyaona."

Nikafunga daftari. Sikuuliza swali hata moja. Nilisoma nilichokijua cha kusoma, nikamuaga, nikatoka, na kile kichochoro nilikipita mbio, mtu mzima na ndevu zangu. Ofisini Ustadh akaniuliza, "Umepata nini?" Nikamwambia, "Hakuna kitu, ajuza tu." Kwa sababu nimwambie nini? Kwamba marehemu alikuja kuoga? Ningekwenda mbele ya majaji watatu na hadithi za mzimu? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini ukweli ni kwamba niliamini. Angekuwa karani wa Kimisri au wa Kihindi, asiyejua josho la mayiti kwetu lina uzito gani, angeandika: shahidi alimwona marehemu Alhamisi, saa nane. Mstari mmoja. Mimi nilijua mengi mno.

Kesi ikasikilizwa. Ustadh akasema alivyoweza, kwamba ule ulikuwa msukumo tu, kwamba marehemu aliinuka mwenyewe. Mwendesha mashtaka akasoma maneno ya Wafula na saini yake. Miaka kumi na mitano.

Nilikwenda jela kumtilisha saini makaratasi ya rufaa, siku ya kumi na saba katika zile thelathini. Nilishajifunza. Chumba cha kuzungumzia kilikuwa cheupe, kina taa ya mrija inayolia. Wafula alikuwa amekonda, nguo zinamvaa yeye. Nikamweleza rufaa ni nini. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, ya nini sasa? Mimi nilimuua. Hata yeye anajua."

"Nani anajua?"

"Khamisi. Yeye huja hapa."

Nikamwambia asiseme maneno kama hayo mbele ya askari. Akatikisa kichwa. "Siongei na askari. Nakuambia wewe. Huja mchana, saa nane, wenzangu wakilala. Husimama tu pale mlangoni. Hasemi kitu. Kichwa kimelowa maji, yanamdondoka mpaka kwa mabega."

Nikamuuliza nani kamwambia habari ya maji.

"Maji gani? Hakuna mtu ameniambia kitu. Si nakuambia venye namwona."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi na sikuweza kuandika. Bi Zuwena alikuwa hajamwambia mtu ila mimi, na mimi nilikuwa sijamwambia mtu. Hilo mpaka leo sijui niliweke wapi. Nimelizungusha miaka yote, nimewauliza mashekhe wawili, kila mmoja akanipa jawabu lake. Nyinyi mkipata lenu mniletee.

Nilirudi ofisini, na kwa kuwa sikuwa na akili ya kufanya kitu kingine, nikafanya nilichofunzwa. Nikalifungua faili kutoka nyuma. Ripoti ya daktari. Jeraha moja, utosini, refu kama kidole, mfupa umeingia ndani, nywele zimegandana kwa damu. Nikaisoma mara ya pili. Kisha nikasikia sauti ya ajuza yule: nikampitisha mkono kichwa kizima, mara tatu.

Mkono wa mkosha mayiti, miaka arubaini ya kazi, unapita juu ya utosi uliovunjika mara tatu, usijue?

Basi hapo ndipo hofu ya kweli iliponiingia, wala si ya mizimu. Ikiwa Alhamisi saa nane kile kichwa kilikuwa kizima, basi aliyekivunja si meza ya chuma ya Jumatano. Nikachukua orodha ya kazi za gereji, ilikuwa humo humo ndani ya faili, hakuna aliyeitazama kwa sababu wote tulikuwa tunatazama Jumatano. Alhamisi asubuhi Wafula alipakiwa kwenye lori kwenda mji wa Sur kuchukua injini. Alirudi Ijumaa jioni. Na daktari kasema Khamisi hana chini ya siku mbili mpaka Jumapili mchana, yaani alikufa kabla Wafula hajarudi.

Nikaenda kwa Ustadh nikamwambia yote, pamoja na kwamba nilijua kabla ya kesi ya kwanza. Nilisimama kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige. Alivua miwani, akaifuta, akavaa, akasema, "Ulimwacha mtu azame kwa sababu uliogopa maji." Kisha akasema, "Twende kwa huyo mama." Baada ya hapo hakulitaja tena, wala hakuniamini na shahidi peke yangu kwa mwaka mzima. Nilistahiki.

Bi Zuwena alikataa. Alitukaribisha, akatupa kahawa na tende, akamsikiliza Ustadh mpaka mwisho, akakataa. "Mwanangu, mkosha haitoi siri ya mayiti. Leo nikiitoa yake, kesho yangu itatolewa. Mwosha huoshwa."

"Lakini hakuwa mayiti, mama," Ustadh akasema. "Alikuwa hai."

"Wewe ulikuwepo?"

Ustadh akaiweka chini kahawa yake. Mtu aliyewashinda mawakili wakubwa, kashindwa na ajuza kwenye mkeka. Mimi nilikuwa mnyonge pale, sina haki ya kusema kitu, lakini nikasema. Nilikumbuka alivyokuwa akisema bibi yangu mimi, maana naye alikuwa akikosha. Nikamwambia, "Bi Zuwena, kinachofichwa ni aibu ya mayiti. Mkosha akiona shari hufunika. Akiona kheri je? Uso unang'aa, mwili umelainika?"

"Kheri husemwa," akasema. "Husemwa ili watu wamwombee."

"Na kichwa kizima, kisicho na jeraha, ni shari au kheri?"

Alinitazama. Nilidhani atanifukuza. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Umekuja na hila za Kiunguja, Seifu. Kheri. Ni kheri."

Shikeni hili, nyinyi mnaokwenda kwa shahidi na karatasi ya masuala mliyopigiwa chapa. Hatukumtoa Bi Zuwena katika itikadi yake. Tuliingia ndani yake tukatafuta mlango. Yeye alikwenda mahakamani akiamini amemkosha mtu aliyekufa, na hivyo hivyo alitoka.

Na hilo ndilo lililokuwa likitutia homa. Ustadh hakulala wiki ile, kwa sababu ukimpandisha shahidi anayesema kamkosha mfu, unamzika na mshitakiwa wako pamoja naye. Wafula alikuwa na nafasi hii moja. Juu ya mahakama ya rufaa kuna Mahakama ya Juu, lakini kule hawasikilizi mashahidi, wanatazama sheria tu imekwendaje. Bi Zuwena asingeaminika siku ile, Wafula angetoka jela na nywele nyeupe.

Siku ikafika. Bi Zuwena alivaa buibui lake la Unguja, akakaa wima kama msumari. Mahakama ilimweka mkalimani wake, mimi sikuruhusiwa kwa kuwa nilikuwa mtu wa utetezi, nikakaa nyuma na kutafuna shali yangu. Ustadh akamuuliza siku, saa, na kichwa. Akajibu: Alhamisi, saa nane, hakikuwa na jeraha. "Kulikuwa na kinundu nyuma ya sikio la kushoto, kadiri ya punje ya kunde. Utosi mzima." Kinundu hicho hakuwahi kututajia. Niliwatazama majaji, mmoja aliinama akaandika.

Mwendesha mashtaka, kijana mwenye miwani na sauti tamu, akasimama; nani alimpenyezea habari mpaka leo sijui. "Mama, ulimwambia mtu yeyote kwamba Khamisi alipokuja kwako alikuwa ameshakufa?"

"Ndiyo."

"Na wewe unaamini hivyo?"

"Ndiyo naamini."

Watu wakanong'ona. Kijana akawageukia majaji, akasema hana suala tena, na kwa haki hakuwa na haja nalo. Ustadh alikuwa anatazama meza. Wafula, kule alikokaa baina ya askari wawili, hakuwa anamtazama Bi Zuwena. Alikuwa anautazama mlango. Nikaangalia saa ya ukutani bila ya kutaka. Ilikuwa saa nane kasoro dakika chache. Nikaona baridi, na sidhani ilikuwa ya kiyoyozi.

Jaji wa kati alikuwa mzee wa kutoka ndani, milimani, mtu wa maneno machache. Hakuonekana kushangaa. Kwao nako wana hadithi zao za watu waliochukuliwa wakaonekana baada ya kuzikwa. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Mama, alipokuwa kwako alisema neno lolote?"

"Alisema, Mama, maji."

"Na baada ya hapo?"

Bi Zuwena akafikiri. "Alilalamika."

"Alilalamikia nini?"

"Maji ya moto. Alisema, Mama unaniunguza. Nikamwambia vumilia, tangi liko darini juani, nifanye nini. Hakuvumilia. Akatoka, akenda dukani kwa yule Mbaluchi, akarudi na barafu, akaitia kwenye ndoo yangu mwenyewe. Kipande kimoja akakiweka nyuma ya sikio. Ndipo akatulia nikamkosha."

Mkalimani akafasiri. Jaji wa kulia akaficha mdomo kwa mkono, na ukumbi mzima ukacheka, askari na wote. Jaji wa kati hakucheka. Alisema, "Mama, umekosha mayiti wangapi?"

"Sina hesabu yao."

"Yuko aliyewahi kukulalamikia maji?"

Bi Zuwena alifungua mdomo, akaufunga. Alikaa vile vile mpaka akaambiwa ashuke, na alipopita karibu yangu aliniambia kwa sauti ndogo, "Nyinyi semeni hai."

Mahakama ikaamuru Mbaluchi aletwe kikao kijacho. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, duka lake liko hatua ishirini kutoka pale kigodani. Alimkumbuka Khamisi vizuri. Siku ile umeme ulikatika mtaani, barafu yake ilikuwa inayeyuka, akampa bure kuliko kuimwaga. Na siku ya umeme kukatika ilikuwa Alhamisi, mtaa mzima unajua. Daktari akaitwa, akaulizwa kama kinundu nyuma ya sikio kinaweza kuwa utosi uliovunjika. Akasema hapana, ni mapigo mawili mbali mbali, na lililoua ni la utosi.

Nani alilipiga hilo la utosi, mahakama haikusema, wala haikuwa kazi yetu kusema. Ustadh alidhani Khamisi alirudi nyuma ya gereji jioni ile ya Alhamisi, kichwa kinamzunguka, akateleza juu ya ule ukuta wa mawe. Mimi nilikwenda kuutazama, saa nane mchana, kama nilivyofunzwa. Sikukaa sana. Juu ya ukuta palikuwa pakavu, jua kali, na jiwe moja tu lilikuwa limelowa, na hapakuwa na bomba wala ndoo karibu. Pengine mbuzi. Niliandika: jiwe moja limelowa. Kisha nikaogopa.

Wafula alifutiwa hukumu. Mimi ndiye niliyekwenda kumchukua mlangoni pa jela kumpeleka uwanja wa ndege, kwa kuwa bosi wake alishamkatia tikiti na hakutaka kumwona tena gerejini. Alitoka na mfuko mmoja wa plastiki. Nikampa mkono, nikamwambia alhamdulillahi, yamekwisha. Nikamuuliza kama mgeni wake bado anakuja.

"Tangu yule nyanya aongee, hajakuja," akasema. Kisha akasimama mbele ya gari, hakupanda. "Mzee, nataka kukuuliza. Huyu nyanya, mlimjua tangu lini?"

Ningeweza kusema juzi. Hakuna ambaye angejua, Ustadh asingesema. Nikamwambia, "Mimi nilimjua kabla ya kesi ya kwanza. Alinambia yote. Niliogopa, sikuandika."

Hakunipiga. Nilikuwa nimejitayarisha anipige, na mikono yake, lau mngeiona, ingekuwa kazi. Alikuwa anatazama barabara.

"Mama yangu aliniandikia baada ya ile hukumu," akasema. "Hakuuliza miaka ni mingapi. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ni ukweli niliua mtu. Nikamjibu ni ukweli. Nilikuwa naamini. Kaka yangu alimsomea jibu langu siku ya Krismasi. Hakufika mwaka mpya."

Akaufungua mlango wa gari mwenyewe, akaweka mfuko wake miguuni, akaniambia twende, tutachelewa ndege.